Mzigo wa moyoni kwa mke aliyeachwa mashambani

MUME aendapo mjini kutafuta riziki, watu humhesabia mkewe anachotumiwa: karo, unga, mbolea. Ni nadra kumpata anayemhesabia yanayomlemea moyoni.

Mtindo huu wa maisha una asili yake. Serikali ya kikoloni ilianza kutoza kodi ya nyumba mnamo 1901, na wanaume wengi wakalazimika kwenda kuajiriwa mijini na katika mashamba ya walowezi. Mshahara ulikadiriwa kumtosha mwanamume mmoja, si familia. Kasoro ambayo Kamati ya Carpenter iliikiri mnamo 1954. Mke akabaki kijijini kulima, kulea watoto na kuwatunza wakwe. Ukoloni ulikwisha, mtindo ukabaki. Hadi leo, wanaume wengi wa Nyanza, Magharibi na Ukambani huacha wake zao nyumbani wakielekea Nairobi, Mombasa au nchi za Ghuba.

Wengi hudhani kwamba kinachomuumiza mke huyu ni upweke pekee. La hasha! Linalomchosha zaidi ni kubeba wajibu bila mamlaka. Ndiye anayemkimbiza mtoto hospitalini usiku wa manane, ilhali hawezi kuuza hata mbuzi bila idhini. Akizungumza na jirani, mavyaa na mashemeji humshuku. Pesa zikichelewa, wadai humwandama yeye. Wahenga walinena kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Anayemkabili nyoka huyo ni mke, naye hajapewa fimbo.

Huduma ya M-Pesa, iliyoanzishwa mnamo Machi 2007, imerahisisha kutuma fedha. Hata hivyo, pesa si mazungumzo. Simu inayopigwa kuuliza matumizi tu humzidishia mke wasiwasi.

Huzuni ya kutengana ni jambo la kawaida. Lakini ikidumu takriban kila siku kwa wiki mbili au zaidi, ikiandamana na kukosa usingizi, kupoteza hamu ya chakula, uchovu na kujiona hafai, huenda ikawa ni sonona, maradhi yanayotibika. Aghalabu mgonjwa hulalamikia kichwa au mgongo, si moyo. Anayewazia kujiua asiachwe peke yake, bali apelekwe hospitalini mara moja.

Mume anaweza kupunguza mzigo huu kabla ya kufunga safari. Wakubaliane ni matumizi yapi mke ataamua mwenyewe, na siku gani watazungumza bila kutaja pesa. Jamaa nao waelezwe waziwazi kwamba mke ndiye msemaji wa boma. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 45, inawapa mume na mke haki sawa wakati wote wa ndoa.

Mke naye asijifungie. Chama cha akina mama humpa akiba na, muhimu zaidi, watu wa kumsikiliza.