Video katika mafunzo ya udaktari wa meno: inachofunza na inapokomea

Kinywa cha mgonjwa ni mahali padogo pa kufanyia kazi, na ni padogo zaidi pa kufunzia. Mhadhiri anapoinama kuonyesha namna ya kutoboa gego la juu, mara nyingi hulitazama kupitia kioo kidogo alichokishika kwa mkono mmoja, huku mkono wa pili ukiendesha mashine. Kati ya wanafunzi kumi waliomzunguka, labda wawili wataliona jino lenyewe. Waliosalia huona kisogo cha mhadhiri, kisha wakahesabiwa kuwa wamefunzwa.

Tatizo hilo ni la zamani. Mwaka 1894, Oswald Fergus wa mjini Glasgow, Uskoti, alitambulisha kichwa bandia chenye taya na meno ili wanafunzi wapate kuzoeza mikono kabla ya kumgusa binadamu. Vichwa vya aina hiyo vingali vinatumika hadi leo katika vyuo vya udaktari wa meno kote duniani. Miaka minne baadaye, mwaka 1898, daktari mpasuaji wa Paris, Eugène-Louis Doyen, alipigwa filamu akiwa kazini. Baadaye alieleza kwamba filamu hizo zilimwonyesha dosari zake mwenyewe ambazo hakuwa amezitambua, naye akazirekebisha.

Mambo hayo mawili, kichwa cha kuzoezea mkono na picha ya kuzoezea jicho, ndiyo msingi wa mafunzo ya sasa. Ugumu unaanza pale kimoja kinapofanywa badala ya kingine.

Nchini Kenya, masomo ya shahada ya udaktari wa meno yalianza katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1974, na baadaye Chuo Kikuu cha Moi kikafuata. Vyuo vilipofungwa mwezi Machi 2020 kutokana na ugonjwa wa Covid-19, taaluma hii iliathirika kuliko nyingi nyinginezo, kwa kuwa mashine ya kutoboa jino hurusha hewani matone ya maji yaliyochanganyika na mate. Nadharia ilihamia kwenye tarakilishi na simu za mkononi pasipo shida kubwa. Kazi ya mikono ilibidi ingoje.

Ili kuelewa video inasaidia wapi na inakwama wapi, inafaa kutazama jambo moja ambalo kila daktari wa meno hulifanya karibu kila siku: sindano ya ganzi ya taya la chini. William Halsted na mwenzake Richard Hall waliifanyia majaribio mjini New York mwaka 1884 kwa kutumia kokeini, dawa ambayo ilimnasa Halsted mwenyewe akawa mraibu. Siku hizi hutumika lidokaini, iliyotengenezwa nchini Uswidi mwaka 1943.

Meno ya juu hutiwa ganzi kwa urahisi kwa sababu mfupa wake ni mwepesi na dawa hupenya. Mfupa wa taya la chini ni mzito. Hivyo daktari hana budi kuifuata neva mahali inapoingia ndani ya mfupa, nyuma kabisa ya kinywa, mahali pasipoonekana kwa macho. Kidole gumba hupapasa ukingo wa taya. Bomba la sindano hulazwa juu ya meno ya upande wa pili. Sindano huingizwa kando ya mkunjo wa nyama ulio nyuma ya magego, takriban milimita 20 hadi 25, mpaka iguse mfupa. Kisha hurudishwa nyuma kidogo, na daktari huvuta bomba kuona kama damu inaingia, maana katika asilimia 10 hadi 15 ya sindano hizi ncha huwa imetua ndani ya mshipa wa damu. Akihakikisha hakuna damu ndipo huisukuma dawa polepole, kwa muda wa dakika moja hivi.

Katika maelezo hayo, video huonyesha mengi vizuri kuliko mhadhiri aliye hai. Huonyesha mpangilio wa hatua, pembe ya bomba na mahali pa kuingilia. Mchoro unaosogea waweza kuwekwa juu ya picha ukaonyesha neva iliyofichwa na nyama. Mwanafunzi akipitwa, hurudisha nyuma, jambo asiloweza kumwomba mgonjwa aliyeachama kinywa.

Lakini kuna jambo moja ambalo video haiwezi kulipitisha: ncha ya sindano inapougusa mfupa. Mguso huo ndio unaomjulisha daktari kwamba amefika. Asipoukuta na akaendelea kusukuma, dawa huweza kumwagwa ndani ya tezi ya mate iliyo mbele ya sikio, ambamo neva ya uso hupita. Mgonjwa aliyekuja kung'olewa jino hujikuta nusu ya uso imelegea na jicho halifumbi. Hali hiyo huisha saa chache baadaye dawa inapokwisha nguvu, lakini kumweleza mama aliyefuatana na mtoto wake zahanatini kwamba itaisha si kazi nyepesi.

Hatari yenyewe ni kwamba anayetazama hudhani ameweza. Mwaka 2018, Michael Kardas na Ed O'Brien wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha utafiti kuhusu jambo hili, ingawa haukuhusu meno. Katika jaribio mojawapo, watu walitazama video ya mtu akirusha vishale ubaoni, baadhi mara moja na wengine mara 20. Waliotazama mara 20 walijiamini zaidi, ila walipopewa vishale warushe, hawakuwashinda wenzao. Katika jaribio jingine, kuvishika tu vifaa mkononi kulitosha kupunguza majivuno.

Matokeo hayo yanapaswa kuwakumbusha wakuu wa vyuo kwamba idadi ya video zilizotazamwa si kipimo cha ustadi. Na kama majivuno hupungua kwa kushika kifaa tu, basi video ya sindano itazamwe mahali palipo na sindano na kichwa bandia, si kitandani usiku wa kuamkia zamu ya kliniki.

Namna ya kuipanga ilikwisha kuelezwa zamani. Rodney Peyton, daktari mpasuaji wa Ireland Kaskazini, alipendekeza mwaka 1998 njia ya hatua nne. Mwalimu hufanya kazi nzima kwa mwendo wa kawaida bila kusema neno. Hurudia akieleza kila hatua. Kisha mwanafunzi hueleza hatua hizo huku mwalimu akizifanya, na mwishowe mwanafunzi hufanya mwenyewe. Video hutekeleza hatua mbili za kwanza barabara, tena bila kuchoka. Ya tatu na ya nne zinahitaji mtu wa kusikiliza na kusahihisha.

Kuhusu urefu, fupi ndiyo bora. Philip Guo na wenzake walichunguza mwaka 2014 vipindi milioni 6.9 vya utazamaji katika masomo ya mtandaoni ya edX na kugundua kwamba muda ambao mtu huendelea kutazama hauzidi dakika sita hivi, hata video ikiwa ndefu namna gani. Kuhusu kamera, ni heri iwekwe usawa wa macho ya daktari. Ikipiga picha kutoka upande wa mgonjwa, kulia hugeuka kushoto. Mwanafunzi anayetumia mkono wa kushoto huteseka zaidi, kwa kuwa ni nadra video kumfikiria.

Kuna hoja pia ya kutengeneza video hapa nyumbani. Meno yanayoonekana katika video nyingi za Ulaya na Marekani ni meupe. Nakuru, Naivasha na maeneo mengine ya Bonde la Ufa, maji yenye floridi nyingi huyafanya meno ya wengi kuwa na madoa ya hudhurungi, na enameli iliyoathirika hivyo haishikamani na vijazio sawasawa na enameli ya kawaida. Video hizo pia hazimfunzi mwanafunzi kumwambia nyanya wa miaka 70, kwa Kiswahili cha heshima, kwamba atasikia kama ameumwa na siafu.

Chuo kinachopiga picha wagonjwa wake kina wajibu mwingine. Doyen alifilamu mwaka 1902 alipowatenganisha Radica na Doodica, mapacha wa Kihindi walioungana, na baadaye nakala ziliuzwa pasipo ruhusa na kuonyeshwa kwa umma. Mwaka 1905 mahakama ya Paris ilimpa haki Doyen aliyeshtaki. Kesi ilihusu haki za daktari juu ya filamu yake, mapacha hawakuulizwa. Nchini Kenya, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 huihesabu habari ya afya ya mtu kuwa nyeti. Kukubali kutibiwa si kukubali kupigwa picha, na mgonjwa anayekataa kamera lazima atibiwe sawa na mwingine.

Matumizi yenye faida kubwa, hata hivyo, ndiyo yanayosahauliwa mara nyingi, nayo ni yale ya Doyen mwenyewe. Simu ikifungwa juu ya kichwa bandia, mwanafunzi hujipiga picha akitoboa jino la plastiki, kisha huketi na mhadhiri kutazama: mkono umeegemea wapi, mgongo umepinda kiasi gani, kioo kimetumika au kimesahauliwa. Hilo halihitaji intaneti wala studio. Linahitaji mhadhiri mwenye nusu saa kwa kila mwanafunzi, na hapo ndipo vyuo vingi hupungukiwa.