Rainis, Mtunga Mashairi wa Walatvia

Kaskazini ya Ulaya, kando ya bahari ya Baltiki, kuna inchi ndogo inayoitwa Latvia. Kitabu cha zamani kabisa cha Kilatvia kilichohifadhiwa hata leo ni katekismu: ile ya Mtakatifu Petro Kanisio, iliyopigwa chapa mjini Vilnius katika mwaka 1585. Biblia nayo ilitafsiriwa katika karne ya 17 na mchungaji wa Kiprotestanti, Ernst Glück. Basi, lugha hiyo haikukosa vitabu. Lakini ilikosa heshima. Mashamba makubwa yalikuwa mikononi mwa mabwana Wadachi, na serikali ilikuwa ya mfalme wa Urusi. Mtu aliyetaka cheo alijifunza Kidachi au Kirusi. Kilatvia kilihesabiwa kuwa lugha ya wakulima na watumishi: inafaa kwa sala na nyimbo, haifai kwa elimu. Leo tueleze juu ya mtu aliyeyakanusha maneno hayo kwa kazi ya maisha yake yote.

Jina lake Jānis Pliekšāns. Katika maandiko yake alijiita Rainis. Alizaliwa tarehe 11 Septemba 1865. Baba yake alikuwa mpangaji wa mashamba ya mabwana, naye aliweza kumpeleka mwanawe shuleni, alikofundishwa kwa Kidachi. Tangu 1884 hata 1888 alisoma sheria katika chuo kikuu cha Petersburg. Kijana mwenye elimu ya namna hii angeweza kuiacha lugha ya mama yake, na wengi waliiacha. Yeye hakuiacha.

Katika mwaka 1891 alipewa kazi ya kuongoza gazeti la Kilatvia mjini Riga, jina lake Dienas Lapa, ndiyo kusema Ukurasa wa Siku. Aliliongoza mpaka 1895. Gazeti lilieleza mambo ya wafanyakazi na wakulima, ya elimu na ya vitabu vipya, nalo lilisomwa chini ya macho ya wakaguzi wa serikali. Katika mwaka 1893 Rainis alikwenda Zurich kwenye mkutano wa Wasosialisti, akarudi na vitabu vyao. Vijana waliokusanyika kando ya gazeti lile waliitwa Mkondo Mpya. Serikali iliwaogopa, na katika mwaka 1897 ikawakamata wengi, na Rainis pamoja nao.

Tungefikiri kwamba kazi yake ilikwisha siku ile. Kumbe, sehemu iliyo kubwa ilikuwa mbele. Mwaka ule ule alifunga ndoa na Aspazija, mtunga mashairi mwenye sifa kuliko yeye kwa wakati ule. Kwa msaada wa mke wake, hata akiwa kifungoni, aliendelea kutafsiri Faust, kitabu kikubwa cha Goethe. Wenye kukijua kitabu kile wanafahamu uzito wa kazi hiyo. Ndani yake wasema malaika na shetani, wataalamu na walevi, askari wanaoimba na msichana anayesali kwa machozi. Lugha inayoweza kubeba mambo hayo yote haiwezi tena kuitwa lugha ya watumishi tu. Mahali palipokosa neno, Rainis alilitafuta katika usemi na nyimbo za wazee, au aliliunda kutoka katika mizizi ya lugha yenyewe. Nyimbo hizo ni hazina kubwa: Krišjānis Barons alizikusanya na kuzitoa katika vitabu tangu 1894 mpaka 1915, zaidi ya 200,000.

Rainis alihamishwa mbali, kwanza Pskov, halafu Slobodskoj ndani ya Urusi, akarudi katika mwaka 1903 na kutoa kitabu chake cha kwanza cha mashairi. Maasi ya 1905 yalipovunjwa kwa nguvu, alikimbilia Uswisi na mke wake. Wakakaa Castagnola, karibu na Lugano, mpaka 1920.

Huko ugenini aliandika mchezo juu ya Yosefu na ndugu zake, uliotolewa katika mwaka 1919. Sisi twaijua habari hiyo katika Kitabu cha Mwanzo. Rainis aliona ndani yake swali lililomchoma mwenyewe: mtu aliyetupwa shimoni na watu wake, akipata nguvu siku moja, alipe kisasi au asamehe? Mkimbizi yeyote hukutana na swali hilo.

Latvia ilijitangazia uhuru tarehe 18 Novemba 1918. Rainis alirudi katika 1920, akachaguliwa katika baraza la kutunga katiba. Aliongoza Teatro ya Taifa tangu 1921 mpaka 1925, na tangu mwisho wa 1926 mpaka mwanzo wa 1928 alikuwa ministri wa mafundisho. Hakuzidharau lugha za wengine: aliwasaidia Wabelarusi wa inchi ile katika mambo ya shule na utamaduni wao. Alikufa Majori, karibu na Riga, tarehe 12 Septemba 1929.

Rainis si mwalimu wa imani. Alishika usosialisti, na katika mafundisho yake yamo mambo tusiyoweza kuyapokea. Lakini katika jambo moja anatuaibisha. Mara ngapi sisi tunapotayarisha mahubiri tunakosa neno, tukatia la Kifaransa upesi, kisha tukasema: lugha yetu ni maskini? Labda si lugha iliyo maskini. Labda ni sisi tuliochoka kabla ya kwenda kuwauliza wazee. Yeye alitafuta hata kifungoni. Sisi tu huru, tena tuna meza, taa na kalamu.