Karani wa Batha na namba sita za siri

Nimekaa kimya kidogo. Leo nina jambo limenikaa rohoni tangu Ijumaa iliyopita, nikaona bora niliandike, maana nikilisimulia kwa mdomo huishia kupandisha sauti.

Kuna dada yetu mmoja, mtu wa Kwale, anafanya kazi za nyumbani hapa Riyadh. Jina lake nalihifadhi. Alipigiwa simu na mtu aliyejitambulisha kuwa wa benki, akaambiwa taarifa zake hazijakamilika na kadi yake itafungwa leo hii. Kisha ikaingia meseji yenye namba sita. Mtu wa simu akasema, nisomee. Akamsomea. Riyal 4,300 zikaenda, yaani jasho la miezi minne na ushee kwa mtu wa riyal elfu moja kwa mwezi. Nilipompigia simu mhudumu wa benki yake kwa niaba yake, jibu lilikuwa fupi: namba aliitoa mwenyewe.

Kweli aliitoa mwenyewe. Lakini hebu tuitazame ile meseji. Ilikuwa ya Kiarabu. Dada huyu amesoma chuoni tangu utotoni na Msahafu anausoma vizuri kuliko mimi. Ila Msahafu una irabu, fat'ha na kasra na dhumma, na meseji ya benki haina hata moja. Herufi alizijua zote, neno hakulipata hata moja. Alichokielewa ni zile namba sita tu. Onyo la kutompa mtu yeyote lilikuwemo humo humo, kwa lugha asiyoielewa. "Kaka, mimi nilidhani ndiyo kazi yake ile namba, kuisoma anapouliza," aliniambia.

Sasa nataka niwarudishe nyuma kidogo, maana tabia ya kumpa mtu mwingine mambo yako akushughulikie haikuanza na simu. Hapa ina historia ndefu, na sisi wageni tumo ndani yake.

Nilipofika Jeddah mwaka 2002, mambo ya serikali yalikuwa makaratasi. Wakongwe walionitangulia walinisimulia habari za iqama ya kijitabu, cha kijani kwa Mwislamu na cha kahawia kwa asiye Mwislamu, kabla ya kadi ya plastiki. Kufanya jambo lolote Jawazati, yaani idara ya pasipoti, ulihitaji fomu iliyojazwa kwa Kiarabu safi, picha, risiti na siku nzima ya kusimama. Ndiyo maana kulikuwa na watu wawili muhimu. Wa kwanza ni karani wa nje, aliyekaa karibu na ofisi akijaza fomu za watu kwa malipo. Wa pili ni muaqqib, mtu wa kufuatilia, anayejua dirisha lipi linafunguliwa saa ngapi na nani hataki kusumbuliwa kabla ya chai. Ukienda Balad kule Jeddah au Batha hapa Riyadh, mtaa wa wageni wa kila taifa, ungempata bila kuuliza mara mbili.

Kwetu pwani jambo hili si geni. Bibi yangu hakujua kuandika. Barua zake ziliandikwa na mwalimu wa chuoni, na zilizokuja zilisomwa na huyo huyo. Mwalimu alijua siri za nusu ya mtaa. Kilichomlinda bibi ni kwamba mwalimu alikuwa na jina la kupoteza, na kwamba barua ilikuwa moja. Ikishaandikwa, kazi imekwisha. Mwalimu habaki na mkono wa bibi mfukoni akaweza kuandika nyingine usiku.

Muaqqib naye alikuwa hivyo. Ulimpa karatasi kwa shughuli moja, akakurudishia. Angeweza kukuibia, na wengine waliiba, ila aliiba kile ulichompa siku ile.

Intaneti iliingia mikononi mwa watu wa kawaida Saudia Januari 1999, ikipitia kwenye mitambo ya KACST, mji wa sayansi na teknolojia wa Mfalme Abdulaziz hapa Riyadh, ambako kurasa zilichujwa kwanza. Nilipofika mimi, wengi wetu tuliijua kwenye vibanda vya intaneti. Kijana wa kaunta ndiye aliyewafungulia watu anwani za barua pepe, akachagua nywila, akaiandika kwenye kikaratasi. Kwa hiyo tokea siku ya kwanza tulifundishwa kwamba nywila ni kitu unachopewa na mtu mwingine, naye anaijua. Halafu leo tunashangaa.

Mwaka huo huo wa 1999 ulitoa mambo mawili huko kwa wasomi ambayo natamani kila mtu anayetengeneza programu angeyasoma. Alma Whitten na J. D. Tygar waliwaketisha watu 12 mbele ya programu ya kuficha barua pepe iitwayo PGP 5.0, wakawapa dakika 90. Waliofanikiwa kuficha barua na kuitia sahihi ni theluthi moja tu. Watatu waliituma siri yenyewe wazi kabisa, kwa bahati mbaya. Na hao hawakuwa wajinga, ni watu waliozoea barua pepe. Huko London, Anne Adams na Angela Sasse wakachapisha makala ambayo kichwa chake chatosha: watumiaji si maadui. Walionyesha kwamba watu maofisini huvunja kanuni za nywila kwa sababu kanuni zenyewe hazibebeki, na hakuna aliyekaa nao akawaeleza hatari ni ipi.

Wala si wazo jipya. Mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs, akiandika juu ya maandishi ya siri ya jeshi, aliweka masharti sita, na la sita ni kwamba mfumo uwe rahisi kutumia, usimchoshe mtu akili wala kumtaka akariri orodha ndefu ya kanuni. 1883! Kila mtu anakumbuka masharti yake mengine, hili la mwisho likasahauliwa. Zikaja zile kanuni za herufi kubwa, herufi ndogo, tarakimu na alama, badilisha kila baada ya muda fulani. Nyingi zilitokana na mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, wa mwaka 2003. Mwaka 2017 taasisi hiyo ilibadili ushauri, na Bill Burr aliyeandika ule wa kwanza akasema hadharani anajutia mengi aliyoandika. Miaka 14 watu wanaandika nywila nyuma ya kalenda, kumbe kosa lilikuwa la mwongozo.

Turudi Saudia. Kuanzia mwaka 2010 wizara ya mambo ya ndani ikaleta Absher, huduma za serikali mtandaoni, na mwaka 2015 ikaja kwenye simu. Jina lenyewe lina udugu na neno letu bashiri, ni jibu la Mwarabu anapokuambia usiwe na wasiwasi, limekwisha. Na kwa haki ya Mungu, mengi yalikwisha. Foleni za Jawazati zilipungua mno. Kujua iqama yako inaisha lini, ulikuwa ukimuuliza kafili, sasa unaangalia mwenyewe. Hili si dogo. Tarehe za iqama zilizoea kuandikwa kwa Hijria, na mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama 11. Wapo waliohesabu kwa Januari na Februari, wakajikuta wamepitwa na tarehe. Faini ya kuchelewa ni riyal 500 mara ya kwanza, 1,000 mara ya pili, na mara ya tatu unaweza kurudishwa kwenu.

Kisha kila kitu kikafungwa kwenye simu na kidole. Januari 2016 ikaamriwa kwamba laini ya simu haisajiliwi bila alama ya kidole. Mwaka huo huo kazi ya kuuza na kutengeneza simu ikawekwa kwa raia peke yao, nusu ya wafanyakazi kuanzia Juni na wote kuanzia Septemba. Sina ugomvi na nchi kutaka vijana wake wapate kazi. Nasema tu kilichotukuta sisi. Yule fundi wa Batha, ambaye mtu wa kwetu angemwendea na simu yake akaelezwa kwa Kiswahili cha kubahatisha au kwa Kiarabu cha vunjavunja, aliondoka. Alikuwa ndiye mwalimu wetu wa teknolojia, hatukuwa na mwingine.

Na karani wa nje ya Jawazati alikwenda wapi? Hakwenda popote. Aliingia ndani. Leo yupo kwenye duka la huduma, la fotokopi na tafsiri, ana kompyuta. Unamwendea kwa sababu kurasa ni za Kiarabu na Kiingereza na wewe huna raha na chochote kati ya hivyo. Anakuuliza namba ya iqama, nywila, kisha anasema nipe ile namba iliyoingia kwenye simu. Unampa. Kazi inafanyika kwa dakika tano, unalipa, unashukuru.

Tofauti ni hii, na ndiyo iliyonifanya niandike. Zamani ulimpa karani karatasi moja kwa shughuli moja. Sasa unampa ufunguo wa nyumba nzima, chumbani mpaka jikoni, ili akubadilishie balbu ya barazani. Mwenye nywila yako na simu yako kwa dakika tano anaweza kugusa mambo ambayo hukumtuma. Wengi wao ni watu waaminifu, naamini hivyo. Lakini dada yetu wa Kwale ameenda kwenye maduka hayo mara kadhaa, na kila mara alifundishwa somo lile lile: mtu wa ofisi akiomba namba, unampa. Tapeli wa simu hakumfundisha kitu kipya. Alivuna palipolimwa tayari.

Na asidhani mtu kwamba ni wageni wasiosoma peke yao. Aprili 2022 benki kuu ya hapa, SAMA, ilisimamisha kwa muda ufunguaji wa akaunti kwa mtandao na kuweka kikomo cha fedha za kutuma kwa siku, kwa sababu ya utapeli. Hatua ya namna hiyo haichukuliwi kwa ajili ya akina dada wachache wa Kwale.

Je, kuna njia nyingine? Ipo, na mfano mzuri uko nyumbani kwetu. M-Pesa ilipoanza Kenya Machi 2007, na Tanzania mwaka 2008, waliotengeneza walijua kwamba mtu wa kati hataondoka, kwa hiyo wakampa nafasi yake. Wakala anashika fedha taslimu, anakupa maelekezo, lakini namba ya siri unaibonyeza wewe kwenye simu yako, na meseji inakuja kwako na kwake. Wakala hahitaji kuijua siri yako hata kidogo ili afanye kazi yake. Menyu unaisoma kwa Kiswahili. Matapeli wapo huko pia, tusijidanganye, ila angalau mfumo wenyewe haukufundishi kutoa siri.

Hata Absher wanalijua jambo hili kwenye magari. Mwenye gari anaweza kumpa dereva wake tafwidh, ruhusa ya kuendesha gari lile kwa muda uliowekwa. Hampi nywila yake. Sasa kama inawezekana kwa Camry, mbona mtu wa kazi ya nyumbani asiweze kumruhusu karani jambo moja, kwa saa moja, kwa lugha anayoielewa? Hilo ndilo swali langu kwa wote wanaotengeneza mifumo, wa hapa, na vijana wetu wa Nairobi na Dar pia. Mkiona kila mtu anampa jirani ufunguo, msianze kwa kumwita mjinga. Tazameni mlango.

Mpaka hapo itakaporekebishwa, ndugu zangu, naomba haya machache. Namba ya meseji ni ya kuandika, si ya kusoma kwa sauti. Ukipigiwa na "benki", kata simu, upige wewe namba iliyo nyuma ya kadi yako. Ukienda dukani kwa karani, kaa naye, andika nywila kwa mkono wako, ibadilishe ukifika nyumbani. Na ukiwa na mtu wa kwenu asiyejua Kiarabu wala Kiingereza, mpe nusu saa yako Ijumaa, mfungulie simu yake pamoja naye. Wewe shika chai, simu ashike yeye.

Dada yetu ameripoti polisi, anasubiri. Alichoniuliza mwisho si habari ya fedha. Aliuliza kama nyumbani wataamini kwamba hakuzitumia. Nikamwambia nitawapigia mwenyewe, na nimewapigia.

Haya, adhana ya Isha hiyo. Tuonane siku nyingine, inshallah.