Bendi ya WITCH na Santuri ya Nairobi: Kujitegemea Katika Roki ya Zambia, 1972–1984

Mjomba wangu ana santuri moja ambayo haijapigwa tangu kabla sijazaliwa. Bahasha yake ilipotea zamani, na jua la Lubumbashi limeipinda ukingoni kiasi kwamba ukiiweka mezani haitulii. Tulipokuwa wadogo tulikatazwa kuigusa. Nilipoingia mwaka wa pili wa masomo ya historia niliomba niishike, naye akanipa kwa mikono miwili. Ilikuwa Introduction, albamu ya kwanza ya bendi ya WITCH ya Kitwe, Zambia, iliyotoka mwaka 1972.

Mwanafunzi mwenzangu aliniuliza kama bendi ya roki ni mada ya historia au ya gazeti la mwisho wa wiki. Swali lake ni la haki. Mimi nadhani kijana wa mgodini aliyekuwa na miaka ishirini hivi wakati ule anaweza kutueleza jambo ambalo hotuba za marais hazituelezi: uhuru ulisikikaje masikioni mwake, na nani alilipia sauti hiyo. Hoja yangu ni kwamba WITCH walijitegemea kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumtegemea. Kujitegemea huko kuliwapa nafasi ya kupiga walichotaka, na huko huko kukawaacha bila ulinzi shaba ilipoanguka.

Kwanza mahali penyewe. Kutoka Lubumbashi hadi mpaka wa Kasumbalesa ni kilomita zipatazo 90 tu, na ng'ambo yake ndiyo Ukanda wa Shaba wa Zambia: Chililabombwe, Chingola, Kitwe, Ndola. Mkoloni alipiga mstari kati ya migodi yake na ya mwenzake, lakini mwamba wenye shaba ni ule ule, na watu wamekuwa wakiuvuka mstari huo kufuata kazi, ndoa na ngoma. Gitaa pia lilivuka. Mwenda Jean Bosco wa Jadotville, mji tunaouita Likasi leo, alirekodiwa mwaka 1952 na Hugh Tracey, na upigaji wake wa vidole ulisikika pande zote mbili. Kwa hiyo vijana wa Kitwe waliposhika magitaa ya umeme, hawakuwa wakianza na mikono mitupu.

Hata hivyo walichokipiga hakikuwa cha Mwenda. Kitwe ilikuwa na wachimbaji na mafundi kutoka Ulaya waliokuja na santuri zao, na redio zilileta nyimbo za Uingereza na Marekani hadi kwenye kambi za wafanyakazi. Emmanuel Chanda, aliyezaliwa mwaka 1951 na kukulia Kitwe, alijiita Jagari, yaani Jagger wa Rolling Stones aliyepewa umbo la Kiafrika. Wenzake walikuwa Chris Mbewe na John Muma kwenye magitaa, Gedeon Mwamulenga kwenye besi, na Boidi Sinkala, maarufu kama Star MacBoyd, kwenye dramu. Jina la bendi, ambalo kwa Kiingereza ni mchawi, walilieleza kuwa ni kifupi cha maneno yenye maana ya "Tunakusudia Kuleta Vurugu". Katika jamii zetu mtu hajiiti mchawi kwa mzaha. Naamini walijua hivyo, na ndiyo sababu walilichagua.

Muziki wao umewekwa kwenye fungu la roki ya saikedeliki, yaani roki inayotaka msikilizaji ajihisi yuko ndotoni. Gitaa linapitishwa kwenye kikanyagio kinachoikwaruza sauti mpaka inanguruma, kinanda kinavutwa, wimbo unarefushwa kuliko ulivyotarajia. Wazambia wenyewe walikuja kuuita Zamrock. Onyesho moja la WITCH liliweza kuanza jioni na kuisha usiku wa manane. Mjomba, aliyekuwa akifanya kazi Kitwe miaka hiyo, anasema watu walitoka ukumbini na viatu mkononi.

Sasa niirudie santuri yenyewe, kwa kuwa ndiyo ushahidi wangu mkubwa. Mwaka 1972 Zambia ilikuwa na miaka minane ya uhuru. Serikali ya Kenneth Kaunda ilikuwa imetangaza mwaka 1969 kwamba itachukua asilimia 51 ya hisa za migodi, na mapato ya shaba yalikuwa yakijenga shule, hospitali na barabara. Nchi iliyokuwa na utajiri huo haikuwa na viwanda vya muziki vya kuihudumia bendi kama hii. WITCH waligharamia albamu yao wenyewe, na nakala zikatengenezwa Nairobi. Ziliporudi, bendi iliziuza kwenye maonyesho yake. Introduction mara nyingi hutajwa kuwa albamu ya kwanza ya bendi ya Zambia kuuzwa kibiashara nchini humo.

Hebu tuifikirie safari hiyo. Sauti inarekodiwa Zambia, inapelekwa Kenya kugeuzwa kuwa plastiki, inarudi tena kusini, na nakala moja inavuka mpaka wa Zaire ndani ya mzigo wa mjomba wangu. Vitabu vingi vya muziki wa Afrika vimenifundisha kuitazama Nairobi kama mji wa benga na rumba. Lakini ilikuwa pia karakana ya roki ya Zambia. Bendi nyingine ya Zambia, Musi-O-Tunya, ilikwenda kufanya kazi huko na kurekodi albamu ya Wings of Africa, iliyotoka mwaka 1975. Sisi tunaosoma historia ya kanda hii hupenda kufuata reli na mabomba ya mafuta. Nadhani tungefuata santuri pia.

Mjomba anasisitiza kwamba aliinunua mwaka 1971. Haiwezekani, maana albamu ilikuwa bado haijatoka. Nilipomwambia alinitazama kwa huruma, akasema, "Mwanangu, wewe ulikuwepo?" Sina jibu la kumpa. Mhadhiri wetu hutuonya kwamba simulizi huchanganya miaka lakini mara chache huchanganya nani alimpa nani nini, na mjomba hajawahi kubadilisha maelezo kwamba aliinunua mlangoni mwa ukumbi, kutoka mkono hadi mkono, wala si dukani. Hilo linaafikiana na jinsi bendi ilivyouza. Nimechukua mkono, nimeacha mwaka.

Baada ya Introduction walitoa In the Past mwaka 1974 na Lazy Bones!! mwaka 1975. Kwangu hii ya mwisho ndiyo bora: bendi imeacha haraka ya ujana, inajua kunyamaza katikati ya wimbo. Kisha zikaja Lukombo Vibes mwaka 1976 na Including Janet mwaka 1977, ambamo nyimbo za lugha za nyumbani zinasogea mbele na Kiingereza kinapisha. Wapo wanaosema mabadiliko hayo yalitokana tu na agizo la Kaunda kwamba asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Kizambia. Agizo hilo kweli lilizipa bendi za nyumbani nafasi ambayo hazingeipata kwa kushindana na santuri za nje. Lakini halikusema lazima uimbe Kibemba. Wimbo wa Kiingereza wa Mzambia ulikuwa wa Kizambia vilevile. Naona maelezo hayo yanawapa wanamuziki akili ndogo kuliko waliyokuwa nayo. Watu waliopiga mbele ya wachimba migodi usiku hadi usiku walikuwa na masikio ya kutambua ukumbi unaitikia nini.

Wakati huo huo ardhi ilikuwa ikitikisika. Mpaka na Rhodesia ulifungwa Januari 1973. Bei ya shaba, iliyopanda sana mwanzoni mwa 1974, ilianguka kwa zaidi ya nusu kufikia mwaka uliofuata. Agosti 1975 vita vya Angola vikaifunga reli ya Benguela, njia ya shaba ya pande zote mbili, ya kwao na ya kwetu. TAZARA ilikamilika karibu wakati huo huo na kuanza kubeba mzigo kuelekea Dar es Salaam, lakini reli haiwezi kupandisha bei ya kinachobebwa. Zaidi ya asilimia 90 ya mapato ya Zambia kutoka nje yalikuwa ya shaba, kwa hiyo fedha za kigeni zilikauka. Nyuzi za gitaa, vikuza sauti na vipuri vyote hununuliwa kwa fedha za kigeni. Na msikilizaji wa WITCH alikuwa mchimbaji. Mshahara wake ulipopoteza nguvu, cha kwanza kukatwa kilikuwa kiingilio cha ukumbini.

Hapa ndipo uzito wa kujitegemea unapoonekana. Bendi iliyo chini ya kampuni kubwa huweza kubebwa miaka miwili mitatu ya njaa. Pengine inanyonywa, lakini inabebwa. WITCH waliishi kwa mlango wa ukumbi. Kufikia mwisho wa muongo huo Jagari alikuwa ameondoka, akaenda kusoma muziki na kuwa mwalimu. Baadaye alichimba vito. Mwimbaji maarufu wa Ukanda wa Shaba aliishia kushika sururu, kazi ambayo gitaa lilikuwa limemwepusha nayo. Waliobaki, wakiwa na Patrick Mwondela kwenye kinanda, waligeukia disko na kutoa Movin' On mwaka 1980 na Kuomboka mwaka 1984. Wapenzi wa roki huzidharau albamu hizo. Mimi siwezi kumlaumu mtu aliyepiga kilichokuwa kikichezwa.

Kisha vikaja vifo. Miaka ya themanini na tisini UKIMWI ulipita katika kizazi hicho cha Wazambia kama moto wa nyasi, na wanamuziki wengi wa Zamrock hawakuuona mwaka 2000. Kati ya wale watano niliowataja hapo juu, Jagari peke yake ndiye aliye hai. Kwa mwanafunzi wa historia hilo lina maana kavu pia: karibu kila tunachokijua kuhusu WITCH kimepita mdomoni mwa mtu mmoja. Anasimulia vizuri. Lakini tunafanya nini na sauti nne zilizonyamaza?

Mwaka 2012 lebo ya Now-Again ya Los Angeles ilizikusanya albamu zao katika sanduku moja, na vijana wa Ulaya wakazigundua. Filamu ya Gio Arlotta kuhusu Jagari ilitoka mwaka 2019. Nakala za awali zinauzwa kwa mamia ya dola kwenye minada, kati ya watu ambao hawajawahi kukanyaga Kitwe. Sikuandika haya ili kuwalaumu wakusanyaji. Bila wao huenda nisingekuwa na cha kusikiliza, maana santuri ya mjomba haichezeki. Ninachokataa ni neno "kugunduliwa". Kwenye kambi za migodi hawakuwahi kupotea.

Mwaka 2023 Jagari na Mwondela walitoa Zango, albamu mpya kwa jina la WITCH, wakiwa na wapigaji kutoka Ulaya na rapa Sampa the Great, mzaliwa wa Zambia. Nilimchezea mjomba kwenye simu. Alisikiliza nyimbo mbili kichwa kikiwa kimeinama, kisha akauliza anayepiga dramu ni nani. Nikamwambia ni kijana kutoka Uholanzi.

"Na Star MacBoyd?"

Nikamwambia. Alinyamaza kidogo, akaniomba nirudishe wimbo mwanzo.