Soketi ya ukutani

Soketi ya ukutani ni kifaa cha kuchukulia umeme kinachofungwa kwenye ukuta wa nyumba, chenye matundu ya kupokea meno ya plagi. Tanzania, Kenya, Uganda na Omani hutumia soketi ya Kiingereza ya ampea 13, yenye matundu matatu ya mstatili. Kongo na Burundi hutumia zaidi zile za matundu ya duara za bara la Ulaya. Makala hii inahusu ile ya Kiingereza, hasa inavyofungwa na kuzibwa nyumba inapojengwa au kukarabatiwa.

Asili

Kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, nyumba za Uingereza zilikuwa na plagi za meno ya duara za ampea 2, 5 na 15, kila moja na soketi yake. Kamati iliyoundwa wakati wa vita kupanga ujenzi wa baadaye ilitoa ripoti mwaka 1944, ikipendekeza soketi ya aina moja kwa kazi zote za nyumbani. Kati ya wajumbe wake 20 mwanamke alikuwa mmoja tu, mhandisi Caroline Haslett, aliyekuwa pia mkurugenzi wa kwanza wa chama cha wanawake na umeme kilichoanzishwa mwaka 1924. Kiwango cha soketi hiyo, BS 1363, kilitolewa mwaka 1947.

Shaba ilikuwa adimu wakati huo, na uhaba huo uliacha alama mpaka kwenye plagi. Ili kubana matumizi ya waya, ulipendekezwa mzunguko wa ringi: waya unatoka kwenye breka, unapita soketi zote na kurudi kwenye breka ileile, hivyo kila soketi inalishwa kutoka pande mbili. Ringi ya sasa hutumia waya wa milimita 2.5 za mraba na breka ya ampea 32. Waya mwembamba wa redio ungeungua kabla breka kubwa hivyo haijakata, ndiyo maana plagi hii ina fyuzi yake ndani, kwa kawaida ya ampea 3 au 13.

Jino la ethi ni refu kuliko mengine. Hutangulia kuingia na kusukuma vizuizi vinavyofunika matundu ya laini na nyutro, kinga iliyowekwa kwa ajili ya vidole na misumari ya watoto. Kinga hiyo hushindwa kirahisi na mtu mwenye chaja ya meno mawili: huchomeka kijiti cha kiberiti au mfuniko wa kalamu kwenye tundu la juu, vizuizi vikafunguka, chaja ikaingia. Ni tabia mbaya iliyozoeleka mno, na soketi nyingi majumbani zina kipande cha kijiti kilichokatikia ndani.

Ufungaji

Kazi kubwa iko kwenye boksi lililofichwa ukutani, si kwenye uso wa plastiki unaoonekana. Boksi huwa la chuma au la PVC, la kina cha milimita 25, 35 au 47. La milimita 25 ni rahisi kuchimbia lakini waya hubanana, na kwa soketi dabo ni bora kuchukua la 35. Fundi huchora mahali pake kwa pimamaji, huchonga tofali, hupachika boksi pamoja na bomba la waya, kisha huziba pembeni kwa mchanga na saruji. Kabla ya lipu, mafundi wengi hushindilia ndani ya boksi karatasi ya mfuko wa saruji iliyoloweshwa, ili mchanganyiko usiingie kwenye bomba. Karatasi hiyo ikisahaulika, mvutaji waya ataitafuta kwa bisibisi.

Njia ya waya ukutani iwe wima au mlalo kutoka kwenye soketi, isikate mshazari. Mtu anayekuja kutoboa tundu la picha miaka kumi baadaye hana ramani nyingine isipokuwa soketi anayoiona.

Kabla ya kugusa waya, breka huzimwa na ukosefu wa umeme huhakikishwa kwa multimita. Testa ya taa ndogo haitoshi, kwa sababu taa yake inaweza kufa bila mtu kujua. Kisha waya humenywa kama milimita 10. Rangi za zamani ni nyekundu kwa laini, nyeusi kwa nyutro na kijani kwa ethi. Mpya ni kahawia, bluu, na kijani chenye mstari wa njano. Uingereza ilianza kubadilisha zile za ukutani mwaka 2004, na nyumba iliyokarabatiwa nusu huwa na rangi zote mbili. Ukitazama soketi kwa mbele, ethi iko juu, laini kulia, nyutro kushoto. Kwa nyuma mambo hugeuka, na mwanagenzi anayefuata kumbukumbu ya mbele badala ya herufi L na N zilizochapwa hufunga kinyume. Taa itawaka kama kawaida, na hapo ndipo hatari ilipo: swichi na fyuzi vitakata nyutro na kuacha laini ndani ya kifaa.

Kila waya uliokazwa huvutwa kwa mkono. Skrubu iliyolegea huzaa joto, joto huzidi kulegeza, na soketi nyingi zenye uso uliogeuka rangi ya chai zilianza hivyo. Boksi likiwa la chuma, kipande cha waya wa ethi hutoka kwenye soketi mpaka kwenye boksi lenyewe.

Marumaru zinapobandikwa jikoni, ukuta hunenepa lakini boksi hubaki lilipokuwa. Dawa ni skrubu ndefu zaidi au kiongezeo cha boksi. Kukaza skrubu fupi mpaka uso upinde ni kuharibu soketi mpya, na kuiacha ikining'inia ni vibaya zaidi.

Uwezo wa soketi singo kwa volti 230 ni karibu wati 3,000. Soketi dabo haikubuniwa kubeba ampea 26 kwa muda mrefu: birika na pasi zisipangwe pamoja.

Kuziba

Ndani ya nyumba, kuziba ni kujaza mwanya kati ya boksi na lipu. Mwanya huo ndio mlango wa sisimizi na watoto wa mijusi, ambao hupenda joto la ndani na huweza kuleta shoti. Hujazwa kwa lipu au silikoni, kamwe si kwa gazeti wala sponji.

Nje ya nyumba hutumika soketi yenye mfuniko, gasketi na alama ya IP. Tarakimu ya kwanza huonyesha kinga dhidi ya vumbi na vitu vigumu, ya pili dhidi ya maji. IP66 hustahimili vumbi na maji ya mpira wenye nguvu. Silikoni hupakwa juu na ubavuni, na chini huachwa wazi ili unyevu unaogeuka matone ndani upate pa kutokea. Anayezunguka pande zote nne kwa kudhani anaongeza ulinzi huwa anafungia maji ndani. Bomba lililoingilia juu lazima lizibwe pia, kwani mvua hulifuata kama mfereji.

Pwani kuna chumvi, inayokula skrubu na vituo vya shaba. Katika nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa za Mji Mkongwe wa Zanzibar na Lamu, kuta hupumua unyevu na hubomoka zikichongwa, hivyo boksi la kufungwa juu ya ukuta lina heshima zaidi kwa jengo.

Nchi za baridi

Marekani, yenye volti 120, boksi la ukuta wa nje huzibwa kuzuia upepo wa baridi. Kigasketi cha foma huwekwa nyuma ya uso wa soketi.

Leseni

Tanzania Bara mafundi umeme hupewa leseni na EWURA, Kenya na EPRA.

Hali ya sasa

Soketi zenye tundu la USB zimeenea madukani, na RCD ya miliampea 30, kifaa cha kukata umeme unaovuja, inazidi kuonekana kwenye nyumba mpya.