Matamvua na Hariri: Mavazi na Sauti ya Patsy Cline

Virginia Patterson Hensley, ambaye ulimwengu ulikuja kumjua kwa jina la Patsy Cline, alizaliwa mwaka 1932 huko Winchester, jimbo la Virginia nchini Marekani, mama yake, Bibi Hilda, akiwa na umri wa miaka 16 tu. Baba alipoitupa nyumba, binti aliacha masomo akauza dukani mchana na kuimba vilabuni usiku, na mama, aliyekuwa fundi wa cherehani, akimaliza nguo za watu alishona za mwanawe, ambaye alizichora mwenyewe: blauzi na sketi za kichunga ng'ombe, zenye matamvua mikononi, zilizotariziwa na kupambwa vito vya kioo vilivyometameta chini ya taa.

Zama zile mwanamke wa muziki wa kantri alitazamiwa kuvaa kwa haya. Kitty Wells, malkia wa fani hiyo, alipanda jukwaani na gauni la pamba la miraba, mithili ya mke mwema aendaye kanisani. Patsy hakuitaka njia hiyo.

Katika nyimbo, hata hivyo, hakuwa huru: mkataba alioutia saini mwaka 1954 ulimfunga kuimba zile tu ambazo kampuni ya santuri ilikuwa na haki nazo, na aghalabu zilikuwa hafifu. Faraja ilikuja Januari 1957, katika shindano la televisheni la Arthur Godfrey mjini New York. Ilishurutishwa kila mwimbaji aletwe na mgunduzi asiye jamaa yake. Bibi Hilda, kwa kuwa jina lake na la mwanawe yalikwisha kutofautiana, akajitokeza kuwa ndiye mgunduzi, hila ambayo mimi siioni kuwa na dhambi kubwa. Lakini watayarishaji waliyakataa mavazi yaliyoshonwa na mama, wakataka gauni la jioni, nalo likavaliwa. Wimbo wenyewe, Walkin' After Midnight, Patsy hakuupenda. Akaibuka mshindi nao, na santuri ikapendwa na watu wa kantri na watu wa mijini sawia.

Ingedhaniwa kwamba tangu siku ile aliyaaga matamvua. La hasha: aliyashikilia kwa miaka kadhaa, kama alivyoshikilia uimbaji wa kishamba, na mtayarishaji wake Owen Bradley, aliyetaka piano, vinanda vya nyuzi na waitikiaji wa kiume mahali pa fidla, alibishana naye sana, kwani Patsy alihofu kwamba waitikiaji wale wangeizamisha sauti yake. I Fall to Pieces ya mwaka 1961 ilimwonyesha kuwa hofu ile haikuwa na msingi.

Juni mwaka huohuo gari alimokuwa liligongana na jingine mjini Nashville, akarushwa kwenye kioo cha mbele, na paji la uso likapasuka vibaya. Agosti aliingia studio kurekodi Crazy, utunzi wa Willie Nelson, lakini mbavu zilimuuma hata noti za juu zikamshinda. Aliporudi baadaye aliuimba mara moja, ukatosha. Toka hapo mawigi na vipodozi vizito vilikuwa desturi yake, kwa kuwa makovu yalihitaji kufichwa; hivyo umaridadi wa hariri na visigino virefu, ambao watazamaji wa Carnegie Hall na baadaye wa Las Vegas waliuona kuwa ni fahari tupu, ulikuwa pia sitara.

Alikuwa karimu wa mavazi hayo. Loretta Lynn, mwimbaji fukara aliyekuwa mgeni Nashville, alipewa naye nguo pamoja na nasaha za namna ya kupanda jukwaani.

Tarehe 5 Machi 1963, akirejea kutoka tamasha la hisani huko Kansas City, ndege ndogo aliyokuwamo ilianguka karibu na Camden, Tennessee, akafa akiwa na miaka 30. Mwaka 1972 Loretta alikuwa mwanamke wa kwanza kutunukiwa tuzo ya mtumbuizaji bora wa mwaka wa kantri. Mwaka uliofuata Patsy akawa mwimbaji wa kwanza wa kike kuingizwa peke yake katika Jumba la Heshima la muziki huo.