Siku Muhammad Ali aliposhindwa Dar bila kurushiwa ngumi

Jirani na soko la ndizi la Mabibo, lile wenyeji wanaloliita Mahakama ya Ndizi, kuna kijiwe cha kahawa ambako kesi ya ngumi haijawahi kufungwa. Jioni moja, muuza kahawa akisuuza vikombe kwenye ndoo yake, kijana wa bodaboda alitangaza kwamba katika uzito wa juu hajatokea wa kumfikia Mike Tyson. Mzee mmoja mwenye baraghashia akaweka kashata chini, akamwita mwanangu, akamwambia arudie kauli hiyo taratibu. Kijiwe kizima kikachangamka.

Kwa hesabu tupu, kijana ana hoja. Tyson alitwaa ubingwa Novemba 1986 akiwa na miaka 20, na hadi leo hakuna bingwa wa uzito wa juu aliyeupata akiwa mdogo kuliko yeye. Rocky Marciano alistaafu na mapambano 49, yote ameshinda. Joe Louis aliushika ubingwa kuanzia 1937 hadi 1949 na kuutetea mara 25. Muhammad Ali alipanda ulingoni mara 61, akashinda 56 na kupoteza 5. Ukifungua daftari peke yake, utapata shida kumweka Ali juu ya hao wengine wote.

Ila daftari halikwambii alipigana na akina nani. Alimpokonya mkanda Sonny Liston mwaka 1964, akatwangana na Joe Frazier mara tatu, kisha ikaja Kinshasa. Alfajiri ya Oktoba 30, 1974, Ali alikuwa na miaka 32 na George Foreman 25. Foreman alikuwa ameshawamaliza Frazier na Ken Norton, kila mmoja ndani ya raundi mbili. Ali akaegemea kamba, akaficha uso nyuma ya glovu, akamwacha mwenzake apige mpaka mikono ikawa mizito. Raundi ya nane akachomoka na makonde ya mfululizo. Foreman akayumba, akazunguka, akaenda chini. Uwanja mzima ulikuwa ukiimba kwa Kilingala: Ali, boma ye! Muue!

Hapo wazee wengi wa kijiweni hufunga kesi. Mimi naona shahidi mkubwa bado hajaitwa, na shahidi huyo ni mji wetu wenyewe.

Februari 1980 Ali alitua Dar es Salaam. Majeshi ya Urusi yalikuwa yameingia Afghanistan wiki chache nyuma, na Rais Jimmy Carter alitaka dunia isusie Michezo ya Olimpiki ya Moscow. Akamteua Ali, aliyekuwa ametangaza kustaafu, aje Afrika kuzishawishi serikali. Wananchi walimpokea kwa mapenzi makubwa. Mwalimu Nyerere hakukubali kuonana naye. Suala la nchi na nchi kupewa mwanamichezo alibebe lilionekana hapa kuwa dharau kwa Waafrika. Ali akaishia kukutana na waziri wa vijana na utamaduni.

Waandishi wa habari nao walimbana. Mwaka 1976 nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwemo, zilisusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Siku hiyo Marekani ilikuwa wapi? Na huu ndio mji uliokuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU), mji uliojua vizuri kwamba wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika walipata msaada wa Urusi. Ali alikiri mbele yao kuwa mambo hayo hakuelezwa kabla ya safari, na kwamba huenda anatumiwa katika jambo lisilo la haki. Alipofika Nairobi alilalamika waziwazi kwamba Carter amemweka pabaya.

Kenya ilisusia. Tanzania ilikwenda Moscow, na huko Filbert Bayi akaleta medali ya fedha katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui akaleta nyingine ya fedha katika mita 5,000. Hadi leo hizo mbili ndizo medali pekee ambazo nchi yetu imewahi kupata katika Olimpiki.

Ili kuelewa uzito wa siku ile ya Ali hapa Dar, lazima urudi Aprili 28, 1967, mjini Houston, Ali alipokataa kuandikishwa jeshini wakati wa vita vya Vietnam. Alivuliwa ubingwa, akakaa miaka mitatu na nusu bila kupigana, miaka ambayo bondia huwa kwenye ubora wake. Mahakama ya Juu ya Marekani ilimsafisha mwaka 1971. Afrika ilimpenda kwa sababu ya hapana ile. Miaka 13 baadaye alikuja kwetu akiwa amebeba ujumbe wa serikali ileile, na Dar ikamrudishia neno lake mwenyewe: hapana.

Wapo mabingwa ambao wangefoka na kuondoka. Huyu alisikiliza, akakubali kufundishwa hadharani, mbele ya kamera. Kwangu mimi, hicho ndicho kinachomweka mbele ya Louis, Marciano na Tyson. Ngumi nzito wengi walikuwa nazo. Ujasiri wa kusema nilikuwa sijui, tena ukiwa mtu maarufu kuliko wote duniani, ni wa wachache mno.

Nilipoyasema hayo kijiweni, kijana wa bodaboda aliniuliza kwa mshangao kama kweli Ali aliwahi kukanyaga Dar. Mzee wa baraghashia akasogea kwenye benchi, akampisha akae, akaagiza kahawa mbili. Akaanza kumsimulia tangu mwanzo.